Pikapu Mbele ya Sengu

Bahati yenyewe niliiokota chini, na wala sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Kwetu Mkumbi, mavuno ya kahawa yakiisha, zile zilizodondoka chini ya mibuni ni za mke. Mume hazihesabu wala haziulizii. Unazichambua kutoka kwenye majani makavu, unazimenya kwa mkono kwa kuwa mashine ni ya kahawa ya maana, kisha unazianika kwenye mkeka wako mwenyewe. Mwaka huo niliokota, Ignatio wangu akiwa mgongoni, mpaka gunia likajaa.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Mbinga. Zamani kahawa ilikuwa na mlango mmoja tu, chama cha ushirika. Sasa malori yakawa yanatutafuta sisi mpaka huku vilimani, kila kampuni na kipaza sauti chake, na moja ikaja na bahati nasibu: ukiuza gunia, unapewa tiketi. Egidi, mume wangu, alipata tiketi za kujaza mfuko wa shati. Mimi nilipata moja, nikaichomeka kwenye pindo la kanga.

Iliyotoka ni ile ya kwenye kanga.

"Hongera, mama," alisema Bwana Ilyasi, wakala wa kampuni pale mjini. Alikuwa mtu wa maneno mengi, baba yake alikuja zamani kutoka Kilwa kuuza nguo akabaki. "Sasa chagua. Pikapu ile pale nje, au fedha taslimu. Ijumaa uniletee jibu."

"Fedha," Egidi alisema kwa sauti ndogo, kama anayejibu misa.

Mimi nilikuwa dirishani. Pikapu ilikuwa nyeupe, rangi yake imerudiwa, kuku wawili wamejikinga jua chini yake. Nilikuwa nimepanda malori mara kadhaa, juu ya magunia, lakini gari la kuliangalia na kujiambia kwamba linaweza kuwa langu sikuwahi kuliona. Nikataka kujua mambo mengi kwa mpigo. Ile mikono miwili ya mbele inafuta nini kama hakuna mvua? Likipanda mlima, nguvu linazitoa mbele au nyuma?

"Bwana Ilyasi, hili likishuka Lituhi, linarudi lini?"

"Siku hiyohiyo, maadamu mvua bado."

Siku hiyohiyo! Mimi nimezaliwa Lituhi, ziwani. Nilipoolewa mlimani tulilala njiani. Mama yangu alikuwa hajamwona Ignatio hata siku moja, ila kwa salamu.

"Naweza kulijaribu?"

Ilyasi akacheka mpaka akakohoa. "Kwani hiki kitenge, shemeji, ujipime?"

"Hata ndala watu hujaribu, wakatembea nazo mpaka mlangoni."

Egidi akanikanyaga mguu. Lakini Ilyasi alishaanza kujikuna ndevu. "Jumatano nashuka Lituhi kuchukua mizani ya kampuni. Ukitaka, panda. Ila mimi ndiye dereva, na mtoto asinitapikie."

*

Njiani kurudi, Egidi alitembea mbele, kisha akasimama.

"Mama Ignatio, tusidanganyane. Nyumba. Chumba na ukumbi, mabati juu, mbali na ua wa baba. Si ndiyo tumeongea tangu mwanzo?"

"Ndiyo."

"Basi fedha."

"Na fedha zikifika nyumbani zitakaa wapi?"

Alijua nimegusa wapi. Kwao Wamatengo kuna sengu. Wanaume wote wa ukoo hula pamoja kwa mzee wao, na kila mke hupeleka chakula chake pale. Hakuna anayefungia nyama ndani mwake. Mzee ndiye anayemega, na mambo ya ukoo husemwa papo hapo, mikono ikiwa kwenye ugali. Nilipoolewa nililipenda jambo hilo, maana kwa sengu hakuna mtoto wa ukoo anayelala na njaa. Lakini fedha ni laini kuliko ugali. Zikiwekwa pale mbele ya baba mkwe, Mzee Mansuetus, zitamegwa, na kila mmoja atainuka na tonge lake. Egidi hana ulimi wa kumkatalia baba yake. Ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana niliogopa. Tukiipoteza bahati hii, ua wa baba utakuwa wetu mpaka tuzeeke.

Habari zilitutangulia. Jioni hiyo wake tulikuwa jikoni kwa mama mkwe, Mama Scholastica, ukuta mmoja tu kati yetu na wanaume, na kila neno tulilisikia.

"Fedha," alisema Tarsisi, kaka yake Egidi. "Fedha haina mjadala. Kila nyumba hapa ipate mabati kidogo, mie mlango wangu umeoza. Gari la nini? Nani atalilisha?"

"Egidi, unasemaje?" baba mkwe akauliza.

"Baba, mimi... tiketi ni ya mama Ignatio."

"Tiketi ya mke wako ni ya nani?" Tarsisi akadakia, na wanaume wakacheka.

Mzee hakucheka. "Hilo gari lina milango mingapi?"

Hakuna aliyejua.

"Hamjui. Mnataka nikate neno juu ya kitu ambacho hata milango yake hamjui. Kinachotaka kuingia ukoo huu kiletwe hapa, nikione. Kisha nitasema."

Mama Scholastica alikuwa anakoroga maharage. Alinitazama kwa pembeni ya jicho. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi kilete. Na usikilete mikono mitupu."

*

Jumatano niliketi mbele, Ignatio mapajani. Egidi alisema atapanda nyuma ili ashike magunia, ingawa tulikuwa na kiroba kimoja tu cha maharage, zawadi ya kumpelekea mama yangu. Nadhani hakutaka kulipenda gari.

Tulipita Kitai asubuhi mabasi ya Songea yakipakia, kisha tukaiacha barabara kubwa na kuanza kushuka. Nilimuuliza Ilyasi kila kitu. Kwa nini anakanyaga kule chini kabla ya kusukuma ule mkongojo? Huo ni gia, na ile ni klachi, akaniambia. Kwa nini sasa anatumia gia ndogo, wakati mteremko unatusukuma wenyewe?

"Injini inakuwa breki," akasema. "Ukitegemea breki peke yake kwenye mteremko huu, zinaungua, mnafika ziwani mkiwa mnaogelea."

"Kwa hiyo gari hushuka polepole kwa nguvu zilezile za kupandia?"

Akanigeukia, kisha akarudisha macho barabarani haraka. "Hilo sijawahi kuliwaza, lakini ndivyo."

Kijiji cha kwanza wanawake watatu walisimama katikati ya njia na magunia ya mahindi. Kilichofuata, mzee na mbuzi. Kila mahali watu walinyoosha mkono na kuuliza bei kabla hata gari halijasimama. Ilyasi alikuwa anawapungia tu. "Gari la kampuni," aliwaambia kupitia dirishani. "Leo hatubebi." Nikageuka nyuma kupitia kioo. Egidi alikuwa amesimama, ameshika chuma, anawatazama wale watu wakibaki wadogo nyuma yetu. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Lituhi, mama yangu alimshika Ignatio akamgeuza huku na huku kama anayenunua kuku. "Miguu ya kwetu," akasema. "Sura watajijua wenyewe." Kisha akalizunguka gari mara mbili, akagonga ubavu wake kwa vidole. "Hili ndilo wanakupa? Na hilo la pili, fedha, umeliona kwa macho?"

"Bado. Fedha ziko ofisini."

"Hm," akasema, na akaenda kuwaita wenye mitumbwi.

Usipa, wale dagaa wa ziwani, ulikuwa umeanikwa ufukweni kote kama kawaida. Lakini mimi nilitaka mbasa, samaki mkubwa, tena mbichi, aliyevuliwa asubuhi ileile. Mpango wangu ulikuwa huu: Mkumbi hakuna aliyewahi kula samaki wa ziwani akiwa mbichi. Anayefika kule amebanikwa mpaka amekuwa kama kuni. Nikiwawekea sengu mbasa wa leo, anayenukia maji, nani atauliza tena gari la nini? Mama alinifungia samaki kwenye majani ya mgomba, na tukaondoka jua likiwa bado utosini.

Tulifika nyumbani jua linazama. Ua mzima ulitoka. Watoto walilishika gari kila mahali walipofikia. Mzee Mansuetus alikuja taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee," Ilyasi akasema.

"Marahaba." Akahesabu milango. "Miwili. Na huku nyuma hakuna mlango, kuna kizuizi." Akainama akatazama chini ya tumbo la gari kwa muda mrefu, hadi nikadhani kiuno kimemshika. "Kuna vitu vingi huku," akasema alipoinuka.

Mimi nikakimbilia jikoni. Nilimpika mbasa kama anavyopika mama, nyanya, kitunguu, chumvi, basi. Mama Scholastica alinusa chungu, akainua nyusi. Nikakipeleka sengu kwa magoti, nikarudi nyuma ya ukuta na wenzangu.

Ikaja sauti ya Tarsisi:

"Huyu samaki amekufa lini?"

"Leo asubuhi," Egidi akajibu.

"Ndiyo maana. Bado hajazoea."

Vicheko. Mtu akasema analegea mdomoni kama uji. Mwingine akauliza kama ameiva kweli. Wakamsubiri mzee.

"Hana moshi," Mzee Mansuetus akasema hatimaye, kwa masikitiko ya kweli. "Natafuta ladha, siioni. Samaki ni moshi, jamani."

Nilikaa chini. Hilo halikuwa limenipita akilini hata kidogo. Kwangu mimi, samaki mbichi ndiye samaki, na mkavu ni wa kusafiria. Kwao, miaka yote, ladha ya ziwa ilikuwa ni ladha ya kuni tulizombanikia. Tulimsikia Egidi akimega tena, na tena, peke yake, mpaka nikamhurumia. Kisha chungu kikarudi jikoni karibu kama kilivyokwenda.

"Nyie mmeona," Tarsisi alikuwa anasema nje. "Gari lenyewe mzigo wake ndio huo. Baba, malizia. Fedha."

Mama Scholastica alikuwa ametumbukiza vidole kwenye chungu kilichorudi. Alitafuna polepole, macho juu, kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. Akachukua tena. Akamsogezea mke wa Tarsisi. Yule akaonja, akatazama mlangoni, akavuta chungu karibu.

"Hebu acheni," mama mkwe akasema, akanyonya mfupa, akajifuta mikono na kusimama mlangoni, mahali ambapo wanaume wangemwona.

"Baba Egidi, mmeshiba?"

"Tumeshiba maharage."

"Na hiki cha Hildegardi?" akauliza, akinionyesha mimi.

"Kimetushinda."

"Hapa kwako, chungu kikirudi kutoka sengu, ni cha nani?"

Sote tulijua jibu. Pale kwetu ndiyo desturi, na ndiyo inayotulisha sisi wake siku za nyama: kilichowekwa mbele ya wanaume wakakirudisha, hakiulizwi tena. Ni cha aliyekipika. Nimeona mtu akitamani mguu wa kuku aliousukuma mwenyewe, akashindwa kuuomba.

"Ni cha mpishi," mzee akasema.

"Wewe ulisema kinachotaka kuingia ukoo huu kiletwe hapa ukione. Ameleta. Umekiinamia, umekihesabu milango, mmekionja mzigo wake, na Tarsisi hapa anasema hakifai. Mmekirudisha. Au nimesikia vibaya?"

"Mama!" Tarsisi akaruka. "Sisi tumekataa samaki!"

"Na gari hukulikataa? Maneno ya gari la nini yalitoka kinywani mwa nani?"

Nyuma ya ukuta, mke wa Tarsisi alikuwa ameacha kutafuna. Ilyasi, aliyekaribishwa sengu kama mgeni na ambaye, niliambiwa baadaye, ndiye aliyemalizia kipande cha Egidi, akaona aseme.

"Mzee, mimi mgeni, mnisamehe. Ila pale mjini tupo watu wa asili ya pwani, maduka yote yale. Tunakula huyu mkavu kwa kukosa tu. Mbasa kama huyu akishushwa sokoni asubuhi, watu watapigana."

"Watu wazima wapiganie hiki?" mzee akauliza, na ilikuwa wazi anataka kujua kweli.

"Watavuana kofia."

Mzee Mansuetus akacheka, kicheko kirefu kilichomwishia kwenye kikohozi. "Ona sasa. Basi sikilizeni. Fedha sijaziona hapa. Zikija, nitazimega, maana hilo nalijua tangu ujana. Kilicholetwa leo ni gari. Sengu imekirudisha. Gari ni la aliyelileta, na asiulizwe kesho limebeba nini." Akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Ingawa mimi binafsi sikusema halifai. Mimi nimesema samaki hana moshi."

*

Kwa hiyo sasa ilikuwa juu yetu kuamua, na uamuzi ulikuwa mgumu kuliko mwanzo. Asubuhi Egidi alikuwa shambani anafukia majani kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo cha huku mlimani, nikamfuata.

"Tukichukua fedha, tunapata tonge letu kama wengine, na hakuna atakayetununia," nikasema. "Tukichukua gari, ni letu lote, na Tarsisi atanuna mpaka Pasaka. Na likiharibika, ni letu lote pia. Na nyumba inasubiri. Mimi sijui, baba Ignatio. Jana nilijua. Leo, baada ya yule samaki, sijui ninachokijua."

Aliendelea kulima mpaka akamaliza shimo moja. Kisha akaegemea jembe.

"Wale wa mahindi," akasema.

"Nani?"

"Wale wanawake watatu. Mmoja alinikimbilia, akaniuliza, kesho mnapita? Nikamwambia sijui. Usiku kucha nalifikiria lile gunia lake. Sasa hivi limefika wapi? Nani amelibeba?" Akatema vumbi. "Wewe ulikuwa unawaza samaki wa kupanda. Mimi nyuma kule nilikuwa nawaza mahindi ya kushuka. Gari halirudi tupu, Hildegardi. Haliendi tupu wala halirudi tupu."

Tangu tuoane hakuwa ameniita jina langu peupe, mchana, shambani.

"Na nyumba?"

"Nyumba nataka. Bado nataka, nisikudanganye. Moyo unaniuma." Akashika jembe tena. "Lakini nataka kujua pia. Nikichukua lile tonge la fedha, nitazeeka bila kujua."

Ijumaa tulikuwa ofisini kabla hawajafungua. Ilyasi alimtazama Egidi, Egidi akanitazama mimi.

"Gari," nikasema.

"Mwenyezi Mungu awatangulie. Dereva nani?"

Tukatazamana. Naapa, katika maneno yote yale, ya sengu na ya samaki na ya mahindi, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Ilyasi aliweka kichwa mezani akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alipoinuka alifuta macho, akatuambia tumletee yule mbasa kila wiki mpaka atakapochoka, naye atatufundisha.

Jumamosi alitupeleka uwanja wa mpira, mwisho wa mji. Egidi alianza. Gari liliruka kama mbuzi aliyefungwa, likazimika. Likaruka, likazimika. Vijana waliokuwa wanasubiri kucheza mpira walipiga miluzi, mmoja akamwita rubani. Egidi alitokwa jasho kama anayechimba kisima, lakini baadaye likaanza kwenda, likavuka uwanja wote mpaka golini, na huko likamshinda kulirudisha nyuma. Alitoa kichwa dirishani, uso wake wote meno.

"Mama Ignatio! Umeona?"

Nilikuwa nimeona miguu yake. Alikuwa anaiachia klachi kwa ghafla. Nilimkabidhi Ilyasi mtoto, naye akampokea kwa mikono iliyonyooka kama amepewa bomu, nikavuka uwanja na kufungua mlango.

"Sogea," nikamwambia mume wangu. "Nataka kujua hiyo gia ya nyuma inaingiaje."